Sindano ya Baba Mkwe

Siku ya kwanza nilichelewa saa nzima, na Fundi Anyelwisye hakuniuliza kwa nini. Aliitazama saa iliyotundikwa kwenye nguzo ya banda lake, akanitazama mimi, akairudia saa, kama mtu aliyekuwa anatafuta ushahidi na sasa ameletewa mlangoni. Niliambiwa nije saa moja asubuhi. Nilifika saa moja kamili, ila ilikuwa saa moja ya kwetu Nakonde, ambayo kwa Tunduma ni saa mbili. Mtaa ni ule ule, vumbi ni lile lile, hata mbwa wanavuka mpaka bila kuulizwa kitambulisho, lakini saa hazifanani. Ningeweza kumweleza. Nilipomwona anavyofurahia kosa langu nikamwachia, maana wapo watu ambao ukiwanyang'anya kosa lako unakuwa umewanyima kifungua kinywa.

Naitwa Loisi. Mimi ni Mnamwanga wa upande wa Zambia. Wakati ule nilikuwa na miaka thelathini na moja, watoto wawili niliowaacha kwa mama yangu, na mume aitwaye Sadoki aliyeondoka na lori kwenda kuchukua shaba, akafika Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo, akakuta mwanamke anayepika vizuri kuliko mimi. Hayo ya kupika aliniambia mwenyewe kwa simu, bila haya, tena kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya hali ya hewa. Sikulia. Nilimhurumia yule mwanamke kabla hata sijajua jina lake. Ila nilitaka kazi ya mikono yangu mwenyewe, kazi ambayo hakuna mwanamume angeweza kuipakia kwenye lori akaondoka nayo.

Nikachagua maturubai. Malori mengi yanayovuka pale yamefunikwa turubai, na turubai halijawahi kuumbwa lisilochanika. Usidhani ni kama kushona gauni. Sindano ina urefu wa kiganja, uzi ni wa nailoni uliopakwa nta, na washonaji ni wawili: mmoja anakaa nje ya tela, mwingine ndani, sindano inapita kati yao. Fundo la mwisho lazima lifungwe kwa ndani. Watu wa forodha hawataki kuona uzi ambao mwizi anaweza kuufumua akiwa nje, akachota mzigo, akashona tena na kwenda zake. Kiraka kikiwa kibaya lori linarudishwa mwisho wa foleni, na foleni ya Tunduma namwombea hata adui yangu asiijue.

Viraka vya Fundi Anyelwisye havikuwa vinarudishwa. Hilo nalisema mapema, kwa sababu mengine nitakayoyasema juu yake si mazuri. Banda lake lilikuwa Mpemba, kando ya barabara kuu. Shangazi yangu Nesta, niliyefikia kwake Chapwa, alikuwa anasali naye kanisa moja, na ndiye aliyemwomba anichukue nijifunze. Karatasi zangu za ugeni nilizihangaikia mwenyewe. Mama yangu nilimwambia kwamba nitarudi na sindano mkononi, na watoto wangu wakalisikia neno hilo, wakawa wananiuliza kila Jumapili kwa simu kama nimeshapewa.

Kosa kubwa nililifanya siku ile ile ya kwanza, na lilikuwa kosa la adabu. Kwetu mgeni hataji tu jina lake kama anaitwa kwenye mgawo wa mbolea. Anaeleza ametoka kwa nani. Nilipiga magoti, nikapiga makofi ya heshima, nikataja jina la baba na kijiji cha mama. Ningeishia hapo leo nisingekuwa na hadithi. Lakini nikaongeza, kwa kujipendekeza, kwamba nimeolewa kwa kina Kibona, Wandali waliohamia Zambia kutoka milima ya Ileje. Fundi mwenyewe alikuwa Kibona wa Ileje. Nilidhani nafungua mlango.

Fundi aligeuza uso kama aliyemwagiwa maji. Akakohoa. Halafu akamwambia Osea, fundi wake wa pekee, kijana wa rika langu aliyekuwa amesimama hapo akila muwa, kwamba mimi ni mke wa mtoto wa ukoo wake, yaani mkwe. Na kwa desturi yao baba mkwe na mke wa mtoto hawatazamani usoni, hawasemeshani, hawapeani kitu mkono kwa mkono. Akikaribia mahali nilipo atakohoa, ili nipate nafasi ya kusogea pembeni.

Desturi hiyo naijua, na siicheki. Bibi yake Sadoki aliishika tangu siku ya kuolewa mpaka mzee wake alipozikwa. Akimwona anakuja njiani, yeye na mtungi wake waliingia kwenye mahindi. Alikuwa mwanamke wa maana. Kwa hiyo niliinamisha kichwa, nikaenda kukaa nyuma ya rundo la maturubai, na kwa muda wa saa nzima nikaamini nimebahatika: nimekuja ugenini nikakuta baba. Naikumbuka saa ile kwa aibu. Hakuna mjinga kama mjinga mwenye heshima zake.

Banda lile nalo lilikuwa na sheria yake. Sindano haigusi ardhi. Ikianguka huenda ikaishia kwenye tairi la mtu, au kwenye gunia la mchele ambao mtoto wa mtu ataula, kwa hiyo inapita mkono kwa mkono, na ikipumzika inachomekwa kwenye kola ya mwenyewe. Mwanafunzi anakuwa fundi siku ambayo Fundi Anyelwisye anamkabidhi sindano kwa mkono wake. Hakuna cheti, hakuna soda, hakuna picha. Na akishaitoa kwa mkono wake haidai tena, ni yako mpaka kufa. Osea alipewa yake mwaka wa tatu, na alikuwa anaichomeka kwenye kola hata anapokwenda chooni, asije mtu akasahau.

Sasa pima mwenyewe. Kunipa mkononi hawezi, mimi ni mkwe. Kuiweka chini niiokote hawezi, sindano haigusi ardhi. Kumpa Osea aniletee hawezi, maana mkono wa Osea si mkono wa Fundi. Mwezi wa kwanza ulipoisha nilimtuma Osea amuulize tutafanyaje. Jibu likarudi kwamba desturi ni desturi.

Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa brashi. Nilisugua maturubai yaliyobeba saruji, yaliyobeba mbolea, yaliyobeba samaki wakavu kutoka sijui wapi, harufu yake ilikaa kwenye nywele zangu mpaka shangazi akanihamishia kitanda karibu na mlango. Nilitoboa matundu ya kamba na kugongelea ringi zake za chuma, mamia kwa mamia. Ringi zangu zilikuwa nzuri. Hakuna aliyesema.

Mafundisho yenyewe yalikuwa kichekesho. Fundi anasimama hatua mbili kutoka nilipo, uso kaupeleka barabarani, anamwambia Osea: mwambie mama yule asitoboe karibu na ukingo, aache upana wa vidole vitatu, na ajaribu kwanza kama turubai limeoza, maana lililooza halishiki ringi. Osea ananigeukia, mdomo umejaa muwa, ananiambia, "Toboa hapo." Osea alikuwa ndoo inayovuja. Ulichomimina kikajaa, kwa mwenzako kinafika robo. Na mimi nimeshasikia kila neno kwa masikio yangu, lakini natakiwa nijifanye sijasikia, ningoje robo yangu.

Na kukohoa kule! Fundi alikohoa akitoka, akakohoa akiingia, akakohoa akizunguka tela. Wateja walikuwa wanampa pole ya kifua. Mimi kila akikohoa natupa brashi, nasogea nyuma ya rundo, natazama nguzo. Mwanamke mzima, mama wa watoto wawili, natazama nguzo.

Mwezi wa tano, Jumapili moja, nilimsindikiza shangazi kanisani kwao. Ibada ilipoisha nikamwona Fundi Anyelwisye anawasha pikipiki yake, na nyuma yake anapanda mwanamke kijana mwenye beseni, anakaa vizuri, anamshika kiuno kwa mkono mmoja. Kabla hawajaondoka yule mwanamke akatoa pera kwenye beseni, akampa. Fundi akalipokea mkononi, akaling'ata, akageuka nyuma kumwambia kitu usoni, wakacheka wote wawili. Nikamuuliza shangazi yule ni nani. Shangazi akasema ni Witness, mke wa mtoto wake wa kwanza wa kumzaa.

Nilisimama pale na Biblia ya watu mkononi. Shangazi alinieleza njiani, bila kujua anachonieleza, kwamba nyumbani kwa Fundi mambo ya kutotazamana waliyaacha miaka mingi. Witness alishikwa na uchungu wa kujifungua mumewe akiwa safarini, na Fundi ndiye aliyembeba mikononi mpaka barabarani kutafuta gari. Baada ya hapo akatangaza mbele ya familia kwamba mtu aliyembeba hawezi kumkimbia. Ni habari nzuri. Ingemhusu mtu mwingine ningemsifu. Lakini ina maana desturi ile aliizika kwa mikono yake, kisha siku niliyopiga magoti bandani kwake akaenda kuifukua kwa ajili yangu peke yangu. Mke wa mtoto wake wa damu anamshika kiuno. Mimi, niliyeachwa na Kibona wa mbali ambaye yeye hajawahi hata kumwona, ndiye mkwe. Mume kaondoka, ukwe umebaki.

Nilimdharau siku ile kwa moyo wangu wote. Nilidharau kikohozi chake, shati lake la kanisani, na pera lake. Mtu anayenichukia nitamwelewa, hata mtu anayesema sitaki Wazambia kwangu nitamjibu tukamalizana. Lakini mtu anayechukua heshima ya wazee wake akaifanya komeo la mlango, huyo ni mdogo, hata akiwa na mvi.

Sikuondoka. Niliokota kipande cha turubai bovu, nikanoa spoki ya baiskeli mpaka ikawa sindano, na kila jioni shangazi Nesta na mimi tulitundika kile kipande mlangoni, yeye sebuleni, mimi uani, tukashona. Shangazi alilalamika sana. Alisema hajaona mtu anayemwadhibu mwenyeji wake namna hii. Lakini alivuta uzi. Nilikuwa nimemwangalia Fundi miezi yote kupitia matundu niliyoyatoboa mwenyewe, kwa hiyo mishono niliijua, nafasi nilizijua, namna ya kuvuta niliijua. Kilichonishinda ni lile fundo la mwisho. Linafungwa ndani ya tela, na ndani ya tela alikuwa anaingia Osea tu. Nilipomuuliza linafungwaje, Osea alisema, "Unazungusha," akaondoka.

Mwezi wa nane Fundi akatuma neno. Osea alilileta akiangalia viatu vyangu: mwisho wa mwezi nikusanye vitu vyangu, kwa kuwa mtu aliyekaa miezi minane bila kushika sindano hataishika tena. Nilitaka kuuliza ningeishika kwa mkono wa nani. Nikaona namchosha Osea bure. Zilibaki siku tisa, na Jumapili ile watoto waliponiuliza kama nimepewa sindano niliwaambia mtandao mbaya, nikakata simu, nikalia kwa mara ya kwanza tangu nivuke.

Alhamisi yake, jua likiwa kali la mchana, likaja lori lililokuwa limepakia katoni za sabuni kwenye ghala la hapo Mpemba, likisubiri kutiwa sili ya forodha lianze safari ya Kongo. Turubai lilikuwa limechanika ubavuni, urefu wa pima nzima. Dereva wake, Ferdinand, alikuwa na haraka kama madereva wote. Fundi akapima kiraka, akakikata, akakipachika kwa gundi kidogo, akasema anakwenda kunywa chai kisha waanze, Osea aingie ndani ajiandae.

Osea alikuwa ametoka kwenye harusi. Alilitazama lile tela lililokuwa linachemka juani kama sufuria, akapiga mwayo uliomwonyesha mpaka koo. Nikamwambia aende akalale chini ya tela bovu lililokuwa nyuma ya banda, mimi nitaingia. Alinitazama. Akalitazama jua. Halafu akaenda. Nilimdharau na yeye, nikapanda nyuma ya tela, nikatambaa juu ya katoni mpaka kwenye ule mchaniko, nikalala kifudifudi. Harufu ya sabuni ilikuwa kali, jasho likaanza kunitiririka machoni.

Nikasikia kikohozi. Fundi amerudi. Alikohoa mara mbili, akangoja, hakuona mtu wa kukimbia, akaridhika.

Kazi hiyo haihitaji maneno. Sindano ikipita, anayeipokea anavuta uzi mpaka ukaze, anairudisha, anagonga turubai mara moja kwa kidole kwamba tayari. Osea hakuwa msemaji akiwa kazini, na honi za barabarani zingemeza sauti yake hata angesema. Fundi yeye alikuwa anaweka mdomo karibu na turubai na kusema mfululizo, kama watu wanavyoongea na ng'ombe wakati wa kulima.

Ncha ya sindano ikatokeza mbele ya macho yangu. Nikaishika. Miezi minane, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kushika sindano ya banda lile. Nikavuta, nikarudisha, nikagonga. Ikaja tena. Kufikia mshono wa kumi mikono ikawa imezoea, na kufikia wa thelathini nilikuwa nimesahau joto.

"Leo umeamka, Osea," Fundi akasema. "Leo unavuta kama mtu."

Nikagonga mara moja.

Akaendelea kushona na kusema. Alisema bei ya nta, alisema mguu wake, alisema kuhusu mchungaji mpya. Halafu akanifikia mimi.

"Wiki ijayo yule Mzambia anakwenda, na mimi kifua kinapona," akasema, akacheka peke yake. "Ukwe gani, Osea? Kina Kibona tumejaa kuanzia Ileje mpaka Malawi. Nikiwakimbia wake zao wote nitatembea nimefumba macho. Lakini ningemwambiaje shangazi yake? Yule akishika sindano anarudi kwao, anaweka banda hatua mia mbili kabla ya geti la mpaka, malori ya kutoka kule yanafika kwangu yameshashonwa. Ana mkono yule. Ringi zake umeziona? Mjinga angemfundisha."

Nilijichoma kidole gumba. Damu ikatoka, nikaifuta kwenye katoni ya sabuni ya watu. Kwa hiyo alikuwa ameziona ringi zangu. Miezi minane amegeuza uso barabarani na ringi ameziona. Nilitamani nilie, nilitamani nimtukane kwa Kinamwanga, lugha ambayo ina akiba nzuri ya matusi ya wazee. Na lile la banda karibu na geti, naapa, sikuwa nimewahi kuliwaza. Wazo ni lake. Sindano ilikuwa inangoja. Nikavuta, nikarudisha, nikagonga mara moja.

Tukafika mwisho wa kiraka. Akanisukumia sindano kwa mara ya mwisho.

"Fundo sasa, na leo usiniharibie," akasema. "Zungusha mara mbili. Halafu rudi chini ya uzi wa kwanza. Wa kwanza, Osea. Kila siku wewe unapita chini ya wa pili, ndiyo maana linalegea na mimi narudia. Ukishapita, usivute juu. Vuta kuelekea kwako, kama unafunga mdomo wa gunia."

Maneno machache tu. Nilikuwa nimeyatafuta tangu mwezi wa kwanza, na sasa yalinifikia yote, hakuna ndoo katikati. Nikazungusha mara mbili. Nikapita chini ya uzi wa kwanza. Nikavuta kuelekea kwangu, na fundo likaingia kwenye turubai likajificha. Nikakata uzi kwa meno.

Fundi alilibonyeza kwa nje kwa kidole gumba. Akavuta kiraka kwa kucha, huku na huku. Akakipiga kwa kiganja.

"Osea," akasema, taratibu, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "miaka sita nimekungoja."

Nikakohoa.

Nilikohoa kama yeye anavyokohoa, mara mbili, kwa adabu zote za ukwe. Kisha nikasikia vicheko vya dereva Ferdinand, maana wakati huo huo Osea alikuwa anatoka chini ya tela bovu, shavu lina alama za changarawe, anauliza kama wameshamaliza.

Nilitambaa kinyumenyume juu ya katoni, nikashuka, nikaja mbele sindano ikiwa mkononi. Fundi alikuwa amesimama palepale. Hakugeuka. Alinitazama usoni, na hiyo ilikuwa mara ya pili tangu nifike. Ya kwanza ilikuwa ile ya saa. Akanyoosha mkono.

"Lete sindano yangu."

Hakumwambia Osea aniambie. Aliniambia mimi. Nikapiga magoti pale kwenye changarawe, nikapiga makofi taratibu na sindano ikiwa katikati ya vidole.

"Baba mkwe," nikasema, "mkwe hakabidhi kitu mkononi mwa mkwewe. Na chini siwezi kuiweka, sindano haigusi ardhi. Niiweke wapi?"

Mkono wake ulibaki hewani. Mkuki kwa nguruwe. Alimgeukia Osea akamwambia aichukue. Osea alinitazama, akaitazama sindano, kisha akaipeleka mikono yake yote miwili nyuma ya mgongo.

"Fundi, uliyoitoa kwa mkono wako haidaiwi," akasema. "Ulinambia wewe mwenyewe."

Nilikuwa nimemdharau Osea miezi minane mizima bila kupumzika. Pale nilimpunguzia nusu. Nusu nyingine nilimwachia, kwa sababu alipomaliza kusema alipiga mwayo.

"Au sema mbele ya hawa kwamba mimi si mkwe wako," nikamwambia Fundi, "nikupe mkononi sasa hivi."

Ferdinand alikuwa ameacha kucheka. Nilimwona Fundi anapima: akisema mimi ni mkwe, sindano imekwenda; akisema mimi si mkwe, uongo wa miezi minane unalala pale barabarani na shangazi Nesta ataupeleka kanisani kabla ya Jumapili. Akatazama kiraka. Hakuna mtu aliyekitazama kiraka kile asikiheshimu, hata yeye, na hilo nadhani ndilo lililomuuma zaidi.

Alikohoa. Akageuza uso wake barabarani, kama kawaida, akasema na Osea.

"Mwambie mama yule kesho aje saa moja. Ya huku."

Osea akanigeukia.

"Kesho saa moja," akasema.

Nikachomeka sindano kwenye kola yangu, nikasema nimesikia. Nilibaki pale miezi mingine kumi na minne, nikishona nikiwa ndani, yeye akiwa nje, na hakuwahi kunisemesha uso kwa uso wala mimi sikumwomba. Kupitia turubai alinifundisha kila kitu alichokijua. Banda langu leo liko upande wetu, hatua mia mbili kabla ya geti, palepale alipolichagua Fundi mwenyewe.